Hata Tone la Petroli

Baba mkwe wangu hakuwahi kuniita mwizi. Laiti angeniita, kwa maana neno la wazi lina jibu lake, na mimi majibu sijawahi kukosa. Yeye alichukua kijiti chake cha mwanzi, akakichovya ndani ya tangi la pikapu mbele ya macho yangu, akakitoa, akakitazama kwa muda mrefu, kisha akakipangusa kwa kitambaa.

"Gari limezeeka," alisema. "Au lina wageni."

Hiyo ilikuwa Jumatatu, nyuma ya duka lake pale Kisarawe, miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza. Pikapu alilinunua kuukuu kwa Mzungu wa shamba la mkonge. Nililiendesha mimi, kupeleka mananasi na machungwa ya Kibuta mjini Dar es Salaam, na mara moja kwa wiki kufuata mchele wa Ruvu, upande wa kwetu Mlandizi. Kijiti kile alikichonga mwenyewe kwa kisu, alama saba. Tangi likijaa, petroli ililowesha alama zote saba. Kwenda mjini na kurudi kulikuwa kunakula alama mbili, siku ya mzigo mzito mbili na nusu. Sasa, kwa wiki kadhaa, zilikuwa zinakwenda nne, na safari nyingine nne hazikutosha.

Nilikuwa dereva wake na mkwe wake kwa pamoja, na huo ndio uliokuwa ugonjwa wenyewe. Ningekuwa dereva tu, ningemtupia funguo zake nikarudi Mlandizi kulima. Ningekuwa mkwe tu, asingeniuliza habari za petroli. Lakini mtu aliyekuoza binti yake humbishii. Unavua viatu mbele yake, unainama ukimwamkia, na akisema gari lina wageni unajibu, "Ndiyo, baba." Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Siku ile niliuma meno mpaka yakaniuma.

Mke wangu alikuja na sinia ya kahawa. Alikuwa na mimba yetu ya kwanza, imeanza kuonekana. Baba yake alimngoja amimine, kisha akasema kwa sauti yake ya kawaida, kama mtu anayezungumzia mvua:

"Ijumaa baada ya sala nitawaita walimu waje kunisomea Halbadiri. Simtaji mtu. Anayekunywa petroli yangu, Mungu anamjua."

Nani Kisarawe asiyeijua Halbadiri? Ni kisomo kinachosomwa dhidi ya aliyekudhulumu kwa siri, na kikishasomwa hakirudi. Watu walisimulia habari za waliovimba matumbo, waliopoteza akili, waliozika watoto wao. Niliwahi kuona kuku aliyeibwa amerudishwa mlangoni kwa mwenyewe, kafungwa miguu vizuri, kwa kusikika neno hilo tu sokoni.

Mke wangu aliweka birika chini.

"Baba," alisema, "mtoto huyu aliye tumboni asilione jua kama mume wangu ametoa hata tone la petroli yako."

Mzee aligeuza uso. Alinitazama mimi. Nami nikatazama chini, kwa adabu, kama ilivyonipasa, na nilishukuru kwamba adabu inanitaka nitazame chini.

Kwa sababu nilikuwa nimetoa. Si tone, chupa.

Miezi mitatu nyuma, nikirudi na mchele, nilikuta gari dogo limesimama barabarani Kibaha. Ndani yake mlikuwa na mwanamke mzee amelazwa kiti cha nyuma, anahema kwa shida, na mwanawe anampeleka hospitali mjini. Petroli imewaishia. Nilichukua mpira, nikavuta kwa mdomo kutoka kwenye tangi letu, nikamjazia chupa moja, nikamwonyesha palipo na duka la petroli mbele. Yule bwana alitaka kunilipa, nikakataa. Alisoma maandishi ya mlango wa pikapu, jina la baba mkwe na neno Kisarawe, akaniombea dua, akaondoka.

Sikumwambia mzee. Siku ile nilisahau. Wiki ile nikaona ni jambo dogo. Kisha alama za kijiti zikaanza kukimbia, na lile dogo likawa kubwa. Ungemwambiaje mtu anayelia petroli yake inapotea kwamba ni kweli ulitoa, lakini chupa moja tu? Nani angeamini ile moja?

Sasa mke wangu alikuwa amemweka mtoto wetu juu ya chupa ile, na Halbadiri haihesabu chupa. Nilikuwa na siku nne. Nikiuona ubovu wa gari kabla ya Ijumaa, kisomo hakitakuwapo, na kiapo cha mke wangu kitapita kama upepo. Nisipouona, sijui. Hata leo sipendi kulimaliza wazo hilo.

Jumanne niliamka nikaanza na tangi. Nilimwaga majivu makavu chini yake na chini ya bomba la petroli mpaka kwenye injini, nikaacha gari mpaka adhuhuri. Majivu hayakupata hata doa. Nikajaza magurudumu upepo kwa pampu ya mkono mpaka mabega yakafa ganzi, maana gurudumu legevu huchosha injini. Kisha nikateremka mpaka Pugu na kupanda tena bila kukanyaga breki isipokuwa palipo lazima, nikasimama, nikashika kila gurudumu katikati kwa kiganja. Breki inayong'ang'ania huchoma mkono. Yote manne yalikuwa na uvuguvugu tu. Jioni mzee akachovya kijiti chake, akaangalia, akapangusa.

Nyumbani mke wangu aliniwekea ugali na kisamvu, akakaa mbele yangu.

"Mume wangu, kuna jambo hujaniambia?"

"Hakuna."

"Maana nimeapa."

"Nimesema hakuna!"

Nilimfokea. Alinyanyua bakuli la maji ya kunawa akatoka nje nalo, na mimi nikabaki natazama chakula. Aibu niliyoisikia pale sijaisikia tena maishani, lakini sikumwita arudi.

Jumatano nilikwenda kwa fundi. Alikuwa Mnyamwezi aliyerudi kutoka vita vya Burma na ufundi wa magari ya jeshi, akafungua banda la bati karibu na stesheni ya Pugu. Wanyamwezi ni watani wetu sisi Wazaramo, kwa hiyo kwake hapakuwa na salamu bila matusi ya heri.

"Mtumwa wangu amekuja!" alipiga kelele. "Leo umeleta gari au umeleta jeneza?"

Siku nyingine ningemjibu. Nilimwambia, "Gari linakula petroli na mimi naliwa pamoja nayo." Aliniangalia usoni, akaacha mzaha, akachukua spana.

Alichomoa plagi ya kwanza ya injini, akaishika juu ya mwanga. Nyeusi tii, masizi makavu yanayotoka kwa kidole. Ya pili hivyo hivyo, ya tatu, ya nne.

"Hapana mwizi hapa," alisema. "Petroli yako inaingia humu humu kwenye injini. Lakini inaingia nyingi, hewa kidogo. Ni mtu anayetiwa tonge mdomoni bila kupewa nafasi ya kupumua. Angalia moshi wako ukipanda mlima, utakuwa mweusi."

Nilitaka kumkumbatia. Petroli inaungua, basi haiibiwi. Lakini masizi si ushahidi kwa mzee mwenye kijiti. Yeye angetaka kuona alama zimerudi mahali pake.

Fundi alifungua chombo cha kuchujia hewa, akakiosha, kilikuwa na vumbi lakini si la kuua. Akafungua kabureta, panapochanganyikia petroli na hewa, akapuliza vitundu vyake kwa mdomo, akalitikisa boya lake sikioni kusikia kama limeingiwa na petroli, likawa zima. Akarudisha kila kitu, akazisugua plagi zikang'aa. Nililipandisha gari mlima wa Kisarawe huku jicho moja liko kwenye kioo. Moshi ulikuwa mweusi vile vile. Nilipiga usukani kwa ngumi, nikaita majina nisiyoweza kuyaandika hapa, na mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na kuni kichwani akakaa pembeni kabisa ya barabara akinipisha mimi na pepo wangu.

Alhamisi, jua halijapanda, nilikuwa tena bandani. Sikuwa nimelala. Fundi alifunua boneti, akaondoa chombo cha hewa, akachungulia ndani ya kabureta.

"Rudisha choki."

Choki ya pikapu lile ilikuwa kitufe cheusi chini ya ukingo wa dashibodi, karibu na goti. Alfajiri injini ikiwa baridi unakivuta, mlango wa hewa unajifunga, injini inapata petroli nyingi ya kuamkia. Ikishapata moto unakisukuma ndani, mlango unafunguka, inapumua. Nilikuwa nakivuta na kukisukuma kila siku kwa vidole tu, bila kukitazama.

"Nimesharudisha," nilisema.

"Rudisha, mtumwa wangu."

"Nimesema nimerudisha! Kimegota!"

"Kama kimegota," alisema taratibu, "mbona mlango wa hewa uko nusu?"

Alikuja upande wangu, akapiga magoti chini, akaingiza kichwa chini ya dashibodi. Alikaa humo kitambo. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Angalia mwenyewe. Mimi sigusi."

Niliinama. Kwenye shina la kitufe, kati ya kitufe na bati, palikuwa pamezungushwa uzi mweusi, mizunguko mingi, unene wa kidole. Kitufe kilipoingia kiligota kwenye uzi, nami nikadhani kimefika mwisho. Kwa wiki zote hizo injini ilikuwa inakunywa kama iliyoamka sasa hivi, alfajiri mpaka jioni. Ncha za uzi zilipanda nyuma ya dashibodi, na huko palikuwa na kifuko kidogo kilichoshonwa. Hirizi.

"Fungua," nilimwambia fundi.

"Nitafungua injini ya gavana, lakini sifungui dawa ya mtu. Nani amekuwekea?"

Nilikuwa nimeshauona ule mpindo wa kitambaa kilichofunika kifuko. Kilikuwa kipande cha kanga, maua mekundu kwenye ukingo mweusi. Kanga ile niliinunua mimi kwa ajili ya arusi yetu. Nilipata kumwuliza mke wangu mbona pembe yake moja imekatika, akasema panya.

Fundi naye alikuwa ameuona uso wangu. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema.

"Funga mdomo wako!" nilimwambia, na haikuwa utani, naye alijua. Nikasema bismillahi, nikaanza kufungua ule uzi fundo kwa fundo. Ulinichukua muda mrefu maana vidole havikunitii. Ulipotoka nilisukuma kitufe, kikazama mpaka kikagusa bati, na fundi kutoka mbele ya gari akapiga kelele, "Sasa! Sasa linapumua!"

Nilimkuta mke wangu anatwanga mpunga uani. Nilifungua kiganja. Aliacha mchi ndani ya kinu.

"Umeitoa," alisema.

"Kwa nini uliiweka pale?"

"Niliota mara mbili gari linakuangukia kwenye mlima wa Pugu. Tena nilikuwa nimejua nina mimba. Mwalimu akanipa hirizi, akaniambia niifunge pahali unapopashika kila alfajiri kabla ya safari."

"Mbona hukuniambia?"

"Ikisemwa inakufa."

Nilitaka kupiga kelele kwamba ikinyamaziwa ndiyo inayoua. Sikuweza. Mimi ni nani wa kumwambia mtu habari za kunyamaza? Nilimweleza tu kwamba uzi ndio uliokuwa unakula petroli ya baba yake. Alikaa chini juu ya mkeka, akajishika tumbo, akalia kwa furaha. "Basi nimeapa kweli," alikuwa anasema. "Alhamdulillahi, nimeapa kweli." Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilifunga hirizi ndani ya kitambaa, nikaenda kumtafuta mzee.

Alikuwa ametoka kuswali alasiri. Nilivua viatu, nikainama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Naomba unisaidie jambo moja. Chukua kijiti chako, upande gari pamoja nami."

Hakuwa amewahi kupanda kiti cha mbele na mimi, mkwe na mkwe bega kwa bega, si desturi. Alifikiri, kisha akaenda kukichukua. Alichovya, akakuta alama tano, akanionyesha. Tukaenda Kibuta, tukapakia mananasi, tukarudi. Kwenye kila kilima nilitazama kioo, na nyuma yetu hapakuwa na kitu ila vumbi jekundu. Safari hiyo siku zilizopita ilikuwa inakula alama moja nzima. Tulipofika mzee aliteremka, akachovya, akakitoa kijiti. Petroli ilikuwa imeshuka chini kidogo tu ya alama ya tano. Alichovya tena. Akakaa nacho mkononi bila kukipangusa.

"Ilikuwa nini?"

"Choki, baba. Ilikuwa hairudi yote. Ilizuiwa na uzi."

"Uzi gani?"

"Uzi tu."

"Uliwekwa na nani?"

Nilitazama chini. Nisingemtaja mwanawe kwake.

"Umenyamaza tena," alisema mzee.

Lile neno "tena" lilinipitia mgongoni kama maji ya mtungi.

"Tena, baba?"

"Kama ulivyoinyamazia chupa ya Kibaha." Alikuwa anakipangusa kijiti sasa, polepole. "Yule bwana alikuja dukani kunishukuru. Alinibusu mkono mbele ya wateja. Akasema, 'Dereva wako amemwokoa mama yangu, Mungu akuzidishie.' Nami nilifurahi, wallahi nilifurahi. Nikasema jioni mkwe wangu ataniambia. Hukuniambia. Nikangoja kesho. Kisha petroli ikaanza kwenda, nikajiuliza, mtu anayenyamazia jema lake, hilo baya lake atalisema lini?"

Nilichuchumaa pale pale kwenye vumbi. "Nisamehe, baba."

"Mficha uchi hazai. Nimekusamehe tangu Jumatatu. Walimu sikuwaita, hakuna Halbadiri kesho. Nililisema ili useme."

Nisamehewe na bado nikasirike, ndivyo nilivyoumbwa. Siku nne nilikuwa nimemzika mtoto wangu mara mia, kumbe ni mtego. Zaidi ya hilo, mtu huyu alimsikia binti yake akiapa, akajua kwamba kiapo ni cha uongo, akanywa kahawa yake. Nilinyanyua uso, mara ya kwanza, nikamtazama machoni.

"Na kiapo chake je, baba?"

Niliona kwamba na yeye hakuwa amelala siku hizo.

"Hicho," alisema, "nilidhani utamkatiza kabla hajakimaliza."

Nilikwenda nyumbani kwa miguu. Mke wangu alikuwa amepika wali wa nazi kwa furaha. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, gari la Kibaha, mama mgonjwa, mpira, chupa, na yale aliyoyasema baba yake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Jema kama hilo," alisema. "Mimi ungeniambia lini?"

Nilivua viatu, nikaketi kizingitini.

Alifunga siku tatu, kafara ya kiapo. Nilimwambia mja mzito hana lazima, nikamwambia aliapa asichokijua, Mungu hamhesabii. Baba yake alikuja mwenyewe akasimama uani akamsihi. "Kiapo ni changu na mtoto ni wangu," alitujibu, hakusema zaidi. Nikafunga pamoja naye. Hakunikataza, wala hakunikaribisha. Alfajiri nilisukuma choki mpaka ndani nikaenda zangu mjini, na jioni kijiti kilionyesha alama mbili tu zimekwenda, kama zamani, wala mimi wala mzee hatukufurahi.

Siku ya tatu, adhana ya magharibi ilipolia, alikunywa maji nusu kikombe. Alikishika kikombe kitambo akikitazama. Kisha ile nusu iliyobaki akanisogezea mimi.